Bidoni kwenye Kiti cha Kapteni

Tangu niache kazi sijakaa kwenye kiti kimoja mpaka kikapata joto. Mke wangu, Mama Astrid, ameshanifukuza jikoni, sebuleni na hata kivulini nyuma ya nyumba, maana kila ninapokaa goti langu linacheza na meza inacheza nalo. Hapa kwetu Hewa Bora umeme ukikatika jenereta za majirani zinaanza kunguruma, na mimi nasikia ipi ina kiu ya mafuta na ipi imefungwa filta vibaya. Natoka, nafika kwenye uzio, narudi. Hakuna aliyeniita. Basi nimeona heri niwaandikie ninyi mliobaki karakana, kabla sijaingia kwa mtu kufungua mashine yake bila ruhusa.

Sitaandika nilipanda cheo lini wala nani alinipandisha. Hayo hayajawahi kumsaidia mtu kufungua boliti iliyoshikwa na kutu.

Watu hucheka wakisikia nilikuwa fundi wa mashua Lubumbashi, mji usio na ziwa wala mto wa kubeba kitu kizito kuliko bata. Shemeji yangu mmoja aliniuliza kama wateja wangu ni vyura. Lakini ninyi mnajua kwamba samaki wanaoliwa hapa mjini Kampemba hawaji kwa miguu. Wanatoka mto Luapula na ziwa Moero, na baleinière zinazowabeba, zile mashua ndefu za mbao, zina moteur za dizeli, na spea za moteur hizo ziko huku kwetu. Ama moteur inaletwa karakana juu ya lori, ama sisi tunaifuata na sanduku la vyombo. Nusu ya maisha yangu imepita kwenye barabara ya Kasenga, bandari ya Luapula, meno yakigongana.

Mimi nilianzia kwenye malori, yale yanayopanda kwenda machimbo ya Kinsevere na kurudi mekundu kwa vumbi. Nilijua vidange, yaani kubadilisha mafuta, kama ninavyojua kufunga kamba za viatu. Kwenye lori unalala chini, unafungua nati, mafuta machafu yanaanguka kwenye beseni, unafunga, unamimina mapya juu. Siku nilipohamishiwa upande wa mashua walinikabidhi kwa Papa Chola, mzaliwa wa Kasenga, mtu mfupi mwenye kitambaa kila bega: safi kulia, kichafu kushoto. Tukafika Kasenga, akanionyesha baleinière, akaniambia nianze. Nilichukua beseni langu nikatambaa chini ya mbao za sakafu, kwenye maji yanayonuka samaki, nikitafuta nati ya kumwagia. Nilipapasa, nikagonga kichwa, nikatukana kidogo. Papa Chola alinisubiri juu bila haraka yoyote. Nilipochomoza akanitazama uso, akalitazama beseni.

"Unatafuta nini uku chini?" aliniuliza. "Chini ya moteur hii kuko paka maji ya Luapula, maji tu."

Ndivyo nilivyojua kwamba mashua haina uvungu. Mafuta yake hayamwagwi, yananyonywa. Unawasha moteur kwanza mpaka mafuta yapate joto na kuwa mepesi, unazima, unachomoa kijiti cha kupimia, unaingiza mpira mwembamba kwenye tundu lile lile, halafu unavuta kwa pampu ya mkono mpaka mabega yakuombe msamaha. Filta unaifungua na kitambaa chini yake. Unapofunga mpya unaipaka mafuta safi kwenye mpira wake na kuikaza kwa mkono tu. Anayeikaza kwa chombo anamtafutia ubaya atakayemfuata, na mara nyingi atakayemfuata ni yeye mwenyewe.

Ukimaliza moteur unaingia kwenye boîte, yaani giaboksi, ile inayochukua nguvu ya moteur na kuipeleka kwenye helisi, lile panga linalosukuma mashua, mbele au nyuma. Nayo ina mafuta yake mengine, mepesi zaidi. Unayanyonya vile vile kupitia tundu la juu. Unayatazama: yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia na una kazi ya siku nzima. Yakiwa na unga unaometameta, andaa maneno mazuri ya kumwambia mwenye mashua. Unamimina mapya, unawasha, unaingiza mbele, unaingiza nyuma, unazima, unapima, unaongeza. Halafu unafunga kifuniko. Na hapa shikeni jambo moja: lori lisilo na mafuta linajulikana, maana beseni liko chini yake na kila mpita njia analiona. Boîte ya mashua ikiwa tupu na ikiwa imejaa, kwa nje ni pacha. Haitoi alama yoyote.

Papa Chola alikuwa na desturi mbili ambazo zilinisumbua mpaka nikatamani kurudi kwenye malori. Ya kwanza, alikuwa hamwagi. Tone moja likianguka mchangani aliliokota pamoja na mchanga wake. Alisema maji ya mto ule ndiyo yaliyomlea, na mtu hatemi mate kwenye sufuria ya mama yake. Mafuta machafu yote aliyatia kwenye bidoni, yaani dumu, akaifunga, akatembea nayo mkononi, akairudisha Lubumbashi kwa maseremala wanaopaka nguzo ili mchwa wasizile. Alikuwa haiachi bidoni hiyo hata ndani ya mashua, asije mtu akaipiga teke.

Ya pili ilikuwa kungoja. Akishanyonya boîte mpaka pampu inavuta hewa, alikuwa hamimini mapya. Alirudisha kifuniko juu ya tundu ili vumbi lisiingie, akaondoka. Yaliyoganda kwenye meno ya gia na kwenye kuta yateremke kwanza, ndipo arudi kunyonya mara ya pili. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaizunguka mashua, nimekaza boliti zilizokuwa zimekazwa, nimeuliza kama sasa tunaweza.

"Leka ishuke," alikuwa akiniambia. "Mafuta ya mwisho njo inakuwaka muchafu zaidi."

Kweli, yalikuwa machafu zaidi. Hilo ndilo lililonikera.

Hapa lazima niingize habari ya nyumbani, mtaona kwa nini. Mama Astrid ni mtu wa kwetu kwa ukoo, lakini baba yake alikuwa baharia kwenye ziwa Tanganyika na akamlelea Kigoma. Aliponijia hapa Lubumbashi alikuja na Kiswahili chao kilichonyooka. Wiki ya kwanza ya ndoa alinipakulia bukari, ugali wetu, na samaki, akasimama na mwiko, akauliza: "Imetosha?" Kwetu, kama mnavyojua, kutosha ni kuondoa. Unatosha viatu, unatosha mtoto majini, unatosha mafuta kwenye moteur. Nilidhani ananiuliza kama aondoe sahani kabla sijala, nikaona mwanamke huyu ana haraka kunishinda. Nikamwambia: "Hapana, bado kutosha." Akaongeza bukari. Akauliza tena. Nikakataa tena, kwa heshima. Akaongeza. Nilikula wiki nzima kama ng'ombe wa sikukuu, na yeye akamwandikia mama yake kwamba ameolewa na mtu asiyeshiba. Siku tulipofumbuliana, tulicheka mpaka jirani akaja kuchungulia. Kwao kutosha ni kile ambacho sisi tunaita kuenea: kitu kimefika kipimo. Tangu siku hiyo mezani kwetu tunasema inaenea, na neno lile jingine tumeliweka kando.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Nilikuwa nimeshafanya kazi na Papa Chola miaka mingi, na simu za mkononi zilikuwa zimeshaenea hata kwa wavuvi. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, wakati upepo wa Moero unaanza kuwa na hasira. Tulikwenda Kasenga kufanya vidange ya baleinière moja kubwa iliyokuwa ikibeba watu na mizigo kushuka mto, kuingia ziwani, mpaka Kilwa, ile ya ukingoni mwa Moero. Kapteni wake aliitwa Saidi, mtu wa Ujiji, mpole, mwenye kofia safi, aliyekuja huku kwa ajili ya mke na kubaki kwa ajili ya samaki.

Safari hiyo Papa Chola alikuwa na jambo lake. Binti yake Béatrice, aliyeolewa Kilwa, alikuwa amekuja Kasenga kuwaonyesha wazee mtoto wake wa kwanza, na sasa anarudi. Alitaka kupanda mashua iliyoondoka jana yake. Baba yake alimzuia. Alimwambia angoje hii, yeye mwenyewe aishughulikie kwanza, ndipo apande kitu anachokijua mpaka ndani ya tumbo. Béatrice alinung'unika lakini alingoja. Asubuhi ile alikuwa ameshaketi kwenye mashua, amejitafutia kivuli chini ya turubai, mtoto mgongoni, akitutazama tunavyofanya kazi.

Tulimaliza mafuta ya moteur vizuri. Tukanyonya boîte mpaka pampu ikavuta hewa. Papa Chola akarudisha kifuniko, akaacha bidoni ya mafuta mapya pale pale kando ya moteur, akabeba mkononi ile ya machafu kama kawaida yake, akasema twende tukale wakati mengine yanashuka. Nilimwambia tumimine tu, tule baadaye. Yeye alishaanza kupanda ukingo.

Tulikaa kwa mama mmoja anayepika karibu na soko. Tulikuwa katikati ya bukari alipopita Kapteni Saidi, anatoka kununua sigara, abiria wake wameshaanza kulalamika juu ya jua. Alisimama kwa adabu, akasalimia, akauliza:

"Mzee, mafuta ya giaboksi yametosha?"

Papa Chola alikuwa na tonge mdomoni. Alilimeza. "Ee, tulisha kutosha yote," akamjibu.

Kapteni akashukuru, akaenda zake. Mimi nilisikia kila neno na sikusikia kitu, maana nilikuwa nahesabu ni muda gani bado tutangoja yale matone.

Tuliporudi, mashua haikuwepo. Pale ilipokuwa palikuwa na maji na ganda la ndizi linazunguka. Tuliangalia mto kushuka, tukaiona kwa mbali ikiwa ndogo, inakwenda vizuri, moshi umenyooka. Kuna aina ya boîte ambayo ikikosa mafuta inakataa kuvuta papo hapo, na mtu anasimama salama gatini. Hii ilikuwa ya zamani, ya vyuma vitupu. Ingevuta kwa utii kwa yale machache yaliyobaki kwenye meno, ingepata moto, na ingeshikana mahali itakapochagua yenyewe. Mtoni ungekuwa msiba mdogo: mkondo, matete, viboko. Ziwani, kwenye upepo ule, mashua imejaa watu na haina mbele wala nyuma, ingegeuzwa ubavu kwa mawimbi. Papa Chola alikuwa ameshatoa simu, anampigia kapteni.

Kapteni alipokea. Sauti ya moteur ilijaa simu nzima.

"Capitaine, mafuta ya boîte tulitosha," Papa Chola alimwambia kwa nguvu. "Unasikia? Tulitosha yote. Yote."

"Nimekusikia mzee," alijibu yule mtu mpole. "Yametosha yote. Mungu akulipe."

Akakata. Papa Chola alinitazama kama mtu aliyegonga mlango wa nyumba yake akajibiwa na mgeni. Akapiga tena, akasema maneno yale yale, kwa sauti ya juu zaidi, na akabarikiwa tena. Mara ya tatu simu iliita mpaka ikachoka. Nadhani kapteni aliitia mfukoni akijiambia kwamba mzee huyu amezidi kujisifu kwa kazi yake. Nilimnyang'anya simu nikapiga mwenyewe. Iliita bure. Béatrice simu yake aliiacha kwa mama yake ili ndugu zake walio mbali wapate kumsikia mama yao, na mama huyo wakati huo alikuwa anaishangaa mezani.

Sikungoja. Kwa mara moja katika maisha yangu hakuna aliyenilaumu. Nilisimamisha moto, yaani pikipiki; dereva, Papa Chola na mimi tukapanda juu ya tandiko moja, bidoni ya mafuta machafu imebanwa kati yetu maana mzee hakuiachia, na tukashika njia inayofuata mto kwenda chini. Njia ile inakata kona ambazo mto unazizunguka. Dereva alisema kuna mahali pa wavuvi mbele ambapo mashua zote zinapita karibu na ukingo kwa sababu upande wa pili kuna mchanga. Nilimwambia asiseme, aendeshe.

Ni juu ya moto ile, vumbi mdomoni, ndipo bukari ya wiki ya kwanza ya ndoa yangu iliponirudia. Niliona mwiko wa Mama Astrid umesimama hewani. Nikamwambia Papa Chola sikioni: kwao Ujiji, kutosha ni kuenea. Ulimwambia mara tatu kwamba mafuta yanaenea. Niliona mgongo wake mbele yangu ukiwa mgumu kama mbao. Baadaye akaniuliza, bila kugeuka, sasa mtu anasema namna gani. Nikamwambia useme hakuna. Sema ndani hakuna kitu. Akalirudia lile neno peke yake njia nzima, hakuna, hakuna, kama mtoto aliyetumwa dukani.

Tulifika tukaiwahi. Mashua ilikuwa inatokea kwenye kona. Papa Chola aliingia majini mpaka magotini, na mimi ubavuni mwake, tukapunga mikono. Kapteni Saidi alitupungia. Watu kwenye mashua walitupungia. Béatrice alimtosha mtoto mgongoni, akamshika mkono mdogo na kumpungisha kwa babu yake. Nilipiga kelele ya hakuna mpaka koo likachanika. Kapteni aliweka mkono sikioni, akatabasamu, akaonyesha moteur: haisikiki. Harufu ilikuwa imeshatufikia pale ukingoni, harufu ya chuma kilichopata moto, lakini wao upepo ulikuwa unawapiga usoni na ilikuwa inabaki nyuma yao. Mashua ilikuwa inatupita.

Papa Chola aliacha kupunga. Alitoka majini, akaichukua bidoni, akafungua kifuniko, akaiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili na kuigeuza. Mafuta meusi yalianguka yote, polepole, juu ya mchanga wa Luapula na juu ya miguu yake mwenyewe. Nilimwangalia na nikaona aibu kama mtu aliyemkuta baba yake uchi.

Kapteni hakuelewa. Alidhani, alituambia baadaye, kwamba mzee amepandwa na kichaa cha jua. Aliyeelewa ni Béatrice. Amekulia katika nyumba ambamo watoto walichapwa kwa kumwaga tone, na sasa baba yake anamwaga bidoni nzima kando ya mto, mbele ya watu. Mkono wa mtoto ulibaki hewani. Aliitazama bidoni, akageuka kuitazama moteur, akainuka na kumkamata kapteni begani. Sikusikia alichosema. Nilisikia tu moteur inashuka, halafu inazimika, halafu vilio vya watu wanaouliza kuna nini, na wavuvi wakaingiza mitumbwi yao majini kwenda kuisukuma mashua kwenye matete.

Tulipanda. Papa Chola alipita kwa binti yake, akamgusa mtoto kichwani kwa kidole cha mkono mchafu, akaenda moja kwa moja kwenye boîte. Ilikuwa moto hata kuisogelea. Ukiimiminia mafuta baridi ikiwa vile inaweza kupasuka, basi ikabidi tungoje. Mimi na goti langu tulikaa pembeni ya moteur na sikuuliza kama sasa tunaweza. Abiria walikuwa wameanza kumtukana kapteni, na kapteni alikuwa amevua kofia yake safi.

"Mzee, si nilikuuliza kama yametosha?" alisema taratibu.

"Uliuliza. Na mi nilikuitikia tulisha kutosha."

Nikawaeleza, kila mmoja lugha ya mwenzake. Kapteni alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta mahali pa kushika. Alisema bidoni mpya aliiona kando ya moteur akafikiri tumemwachia ya akiba, akatubariki tena moyoni. Papa Chola hakucheka. Alikaa juu ya bidoni ile mpya, mikono inaning'inia.

"Neno iko moja tu," alisema. "Moja. Na ilikuwa karibu iniulie mutoto."

Boîte ilipopoa tulimimina. Mbele, nyuma, zima, pima, ongeza. Ilikubali, ingawa tangu siku hiyo ilipiga filimbi nyembamba kila ilipoingizwa nyuma, mpaka ilipobadilishwa. Papa Chola akamwambia Béatrice ashuke, atarudi naye Kasenga, atapanda kitu kingine siku nyingine. Béatrice alikuwa anamfunga mtoto mgongoni upya.

"Sitashuka, Papa," alimjibu. "Sasa mafuta iko. Minaona na macho yangu."

Wakaondoka. Tulisimama ukingoni mpaka filimbi ile ikaisha masikioni, na mimi nilikuwa nimeshageuka kutafuta dereva wetu. Papa Chola alikwenda kwa mvuvi mmoja, akaazima jembe na kuomba gunia. Akaanza kuuchimba mchanga uliolowa mafuta. Alichimba wote, mpaka akafika kwenye mchanga mweupe, akaupapasa kwa kiganja kuhakikisha. Nilimwambia twende, giza litatukuta njiani, na nani atauona mchanga huu. Akanipa kitambaa chake safi nifute jasho, akaendelea. Gunia lile lilikuwa zito kuliko moteur. Tulilirudisha Lubumbashi juu ya lori, mimi nimelikalia, nikilalamika kila shimo.

Safari iliyofuata, alipomaliza kunyonya boîte, hakusema kitu. Aliibeba bidoni ya mafuta machafu akaiweka juu ya kiti cha kapteni, mbele ya usukani. Mtu hawezi kuendesha akiwa ameketi juu ya bidoni. Ilikaa pale mpaka mapya yalipoingia na kupimwa, ndipo akaiondoa. Kapteni Saidi ndiye aliyewaeleza makapteni wenzake. Hakuna aliyetutolea amri, lakini nasi tukafanya vile, na walionifuata mimi wakafanya vile.

Papa Chola tulimzika Kasenga, na Béatrice alikuja kwa mashua kutoka Kilwa, na yule mtoto akiwa amemzidi urefu. Alinishika mkono. Aliniuliza kama kwenye moteur bado nina haraka. Nikasema ndiyo. Akasema baba yake alikuwa akimwambia kwamba haraka yangu ndiyo iliyosimamisha ile moto, kwa hiyo asinisikie mtu akinisema vibaya. Mzee hakuwahi kuniambia hivyo mwenyewe. Nililia pale, mbele ya wapishi, na sioni sababu ya kuficha.

Wiki iliyopita nilikuja karakana bila kuitwa, mnakumbuka. Nilijifanya napita kwenda sokoni Kampemba. Uani palikuwa na baleinière ndogo juu ya magogo, imeletwa kubadilishiwa mbao, na kijana wetu Serge alikuwa ameinyonya boîte. Mashua iko nchi kavu, kapteni yuko Kasenga, na bidoni ya mafuta machafu iko juu ya kiti chake. Nilimuuliza Serge kwa nini ameiweka pale.

"Njo vile inafanyiwaka, Papa," akasema.

Hakuna hata mmoja wenu aliyejua. Nikaweka mkono juu ya kile kifuniko, chini mafuta ya mwisho yalikuwa bado yanashuka, na nikaanza kukunja mikono ya shati. Serge akanishika kiwiko kwa adabu, akanigeuza taratibu kuelekea mlango.

"Papa, balisha kukutosha ku kazi," aliniambia. "Enda ukapumuzike."

Nikaenda. Njia nzima nilikuwa nalifikiria neno lile, na nyumbani nikamrudia Mama Astrid nalo. Alikuwa anapakua, mwiko mkononi, goti langu limeshaanza. Nikamwambia Serge amesema kweli: kwa Kiswahili chetu, wamenitosha. Kwa Kiswahili chako, haijanitosha.

Aliniangalia kidogo, halafu akaongeza bukari.